Tulizunguka Musoma, Butiama na Bunda kutafuta samaki asiye na pembe

Wakuu, habari za humu.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, asiyeamini apite Mwisenge pale Musoma aangalie mageti.

Marehemu baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na grili za madirisha. Wateja wengi wa mjini walitaka urembo wa samaki. Shida ni kwamba mzee alikulia kijijini Buswahili akichunga. Ng'ombe alimchora hata amefumba macho, samaki ndiyo hakuwa fani yake.

Basi kila sangara aliyemtengeneza alimpa pembe.

Ukimuuliza, anajibu: "Kitu cha thamani kinakuwaga na pembe." Na wateja walikuwa wanarudi!

Juzi tukataka kuzungushia kaburi lake uzio wa chuma wenye urembo wake. Mama, ambaye ni mtoto wa wavuvi, akagoma.

"Nilikuwaga nachekwa na kaka zangu sababu ya hizo pembe. Kaburini nataka samaki wa kweli. Tutafute hata mmoja aliyempatia, tuige."

Nikampakia kwenye pikipiki. Cha ajabu, nyumba zote alikuwa anazikumbuka yeye.

Mwisenge, mageti matatu: pembe.

Bweri: pembe na nundu. Wakuu, samaki ana nundu! Nilicheka mpaka mama akanifinya.

Butiama nikapiga picha dirisha, mwenye nyumba akatoka na fimbo akidhani natafuta pa kuingilia usiku. Mama akamweleza kuwa sisi ni familia ya fundi, tunatafuta samaki wake. Jamaa akashusha fimbo.

"Kwani huyu ni samaki? Mimi nilijuaga ni ndama amelala."

Nyumba ya mwisho, Bunda, tukampata. Sato safi, magamba yamepangika, kichwa hakina kitu. Nikapiga makofi.

Mama akasogea. Akapapasa kichwa cha yule sato, akakuta makovu mawili.

Bibi mwenye nyumba akasema pembe zilikatika lori lilipogonga geti. Akaingia stoo, akazileta zimefungwa kwenye kitambaa.

Mama alizishika akaanza kulia pale pale getini. Na mimi nikalia, sifichi.

"Tafuta fundi azirudishe," akaniambia. "Huyu anaonekana kama anaumwa."

Uzio umekamilika Jumamosi. Wajomba walipoanza kucheka, mama akawakata kauli: "Kitu cha thamani kinakuwaga na pembe."

Nilichojifunza: marehemu hasahihishwi.

Nyie je? Kama geti lenu lina mnyama asiyeeleweka, tupia picha hapa. Huenda ni samaki wa mzee wangu.