Kibali cha Kwenda Buffalo

Baba yangu, Protasi, hakutoka nyumbani bila kujiandaa. Hata kwenda kunyoa nywele alianza kulizungumza tangu jana yake. Atauliza kinyozi anafungua saa ngapi, atatazama mawingu, atakagua tairi, ataandika kwenye daftari. Tulikaa Okolona, kusini mwa Louisville, na ghala alikofanya kazi ya kupakia maboksi lilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa gari. Yeye alitoka dakika arobaini kabla. Nikiamka namkuta kwenye kiti karibu na mlango, viatu miguuni, funguo mkononi, anasubiri dakika zake zitimie.

Samsoni, kaka yake mama, alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Ijumaa moja alitoka kutununulia unga wa muhogo, kesho yake akapiga simu yuko Columbus, kwa rafiki yake Leopoldi, kwenye harusi ya binti wa Leopoldi, na kandambili zake miguuni. Unga tuliupata Jumatatu. Harusi hiyo hata sisi tulialikwa, tena mapema, kwa kadi. Baba alisema ana kazi.

Walitaniana sana hao wawili. Mjomba Samsoni alimwambia baba kwamba hata siku ya kufa ataomba apewe taarifa wiki mbili kabla. Baba alimjibu kwamba yeye Samsoni atakutwa amefia barabarani na kandambili, hata jina lake hawatalijua. Mama yangu, Delfina, aliwaambia wanyamaze wote wawili, chakula kinapoa.

Kazini baba alikuwa na mwenzake mmoja, mzee wa Kizungu, aliyebandika kalenda ndani ya kabati lake la nguo. Mzee huyo alienda likizo baharini mara moja kwa mwaka, na alianza kukata siku kwa kalamu nyekundu tangu miezi minane nyuma. Anajua hoteli, anajua chumba, anajua siku ya pili atakula wapi. Wengine walimcheka. Baba alituambia mezani kwamba yule ni mtu mwenye akili, amejifunza mahali fulani.

Baba naye alijifunza mahali fulani. Sisi ni Warundi wa kambini, mkoa wa Kigoma. Kule mkimbizi haendi zaidi ya kilomita nne bila kibali. Unaandika barua, unaipeleka kwa mkuu wa kambi, unangoja, inagongwa muhuri, au haigongwi. Kabla mimi sijazaliwa baba alitoka siku moja bila kibali, hakupanga chochote, alisikia tu kuna mtu anatafuta watu wa kumlimia mihogo. Walimkamata kwenye kizuizi. Alikaa jela Kasulu miezi sita. Dada yake mkubwa, Kostansia, ndiye aliyempelekea chakula kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliomba kibali kwanza, akakipata. Hakuwahi kuikosa Ijumaa hata moja. Ndivyo mama anavyosimulia. Baba mwenyewe hasimulii, ila akila upande wa kushoto unaona hatafuni, meno hayapo.

Shangazi Kostansia ndiye aliyenilea mimi mpaka nikafika miaka saba. Aliondoka kambini mwaka mmoja kabla yetu, wakampeleka Buffalo. Sisi wakatuleta Louisville, mwaka 2013. Tulidhani tutakuwa jirani.

Mei mwaka uliofuata shangazi akapiga simu, akasema wamemkuta na uvimbe kwenye ini. Alisema kama mtu anayekupa habari za hali ya hewa. Kisha akasema, "Protasi, njoo nikuone. Mlete na binti yangu."

Baba alisema atakuja.

Siku hiyohiyo alifungua ukurasa mpya kwenye daftari. Aliomba likizo ghalani, wakampa wiki moja ya Julai. Aliandika kila mji tutakaopita. Alinunua tairi mbili. Aliandika tutakunywa maji wapi, tutakojoa wapi, kwa Leopoldi pale Columbus tutapumzika muda gani. Kwenye mfuko wa plastiki mgumu aliweka makaratasi yetu yote, ya uhamiaji, ya chanjo, mkataba wa nyumba. Julai ikafika. Asubuhi ya kwanza ya likizo alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, amevaa viatu, mpaka saa sita mchana. Kisha akavivua. Alimwambia mama kwamba kazini wamemwita. Wiki nzima alitoka asubuhi na kurudi jioni, na sijui alikuwa anakwenda kukaa wapi, maana nguo hazikuwa na vumbi la maboksi.

Sababu ya kutokwenda Buffalo mimi niliijua. Mwezi wa Juni nilikwenda naye kwenye ofisi inayohudumia wakimbizi, nilikuwa na miadi yangu ya sindano. Mkalimani siku hiyo hakuwepo. Baba alimpa yule dada wa ofisini barua aliyoiandika kwa mkono, kwa Kiswahili, na nilikaa karibu nikaisoma yote:

"Yah: Maombi ya kibali cha kusafiri. Mimi Protasi, mkimbizi, naomba kwa heshima ruhusa ya kutoka jimbo la Kentucky kwenda Buffalo kumwona dada yangu mgonjwa, siku saba. Nitarudi."

Yule dada aliipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akaigonga muhuri wa tarehe, akaitolea nakala. Barua yenyewe akaiweka kwenye faili letu. Nakala akamrudishia baba. Tukiwa nje baba alisema, "Umeona, wameipokea vizuri."

Tangu siku hiyo aliangalia sanduku la barua kila alasiri.

Mtu atauliza mbona sikusema. Mimi shule nimesoma kidogo, miaka mitatu kambini kabla shule hazijafungwa, na hapa miezi michache mpaka wakasema umri umepita. Nilichojua kuhusu safari nilikijua kulekule alikokijua baba. Na mjomba Samsoni je, aliyekwenda Columbus kama anakwenda dukani? Baba alishanijibu bila kuulizwa, siku moja tunamtazama mjomba akiwasha gari. "Huyo," alisema, "hajakamatwa tu."

Agosti shangazi aliuliza tena. Septemba aliuliza. Oktoba hakuuliza, aliongea na mama kuhusu mambo ya kupika.

Jumatatu ya katikati ya Novemba akapiga Gatsinzi, mtoto wa shangazi. Alisema hospitali wamemrudisha nyumbani, wamesema hawana la kufanya tena. Mama akampigia kaka yake. Jumanne saa moja asubuhi mjomba Samsoni alikuwa mlangoni, gari linanguruma nje. Baba alikuwa kwenye kiti.

"Shemeji, inuka twende."

"Siwezi."

"Kazini nitawapigia mimi."

"Si kazi," baba alisema. Alimtazama mama, akatazama sakafu. "Kibali hakijatoka."

Nilimtazama mjomba, nikangoja acheke. Hakucheka. Aliuliza kibali cha nini, taratibu, kama unavyomuuliza mtoto aliyeamka na homa. Baba akamwambia cha kutoka Kentucky. Mjomba akauliza anakingoja tangu lini, baba akasema tangu mwezi wa sita. Mama alifunika mdomo kwa kitenge chake. Miezi yote hiyo alikuwa anawalaumu watu wa ghala.

"Shemeji," mjomba alisema, "hapa hakuna kitu hicho. Hakipo. Barabara unapanda tu unakwenda."

Baba alichukua ule mfuko wa makaratasi, akakaa nao kwenye gari, mapajani. Hakuchukua nguo. Mimi nilipanda nyuma. Mama alibaki na wadogo zangu.

Tulifika Columbus saa tano. Leopoldi alikuwa ametukalisha mbele ya televisheni hata kabla hatujavua makoti: Buffalo imepigwa na theluji, magari yamefukiwa. Akasema tulale kwake mpaka Alhamisi, tujipange. Baba alikubali haraka. Mjomba akasema theluji ni maji tu, tutasimama mbele ikibidi. Wakabishana, mpaka baba akapiga simu, na Gatsinzi akaiweka sikioni kwa mama yake.

Sauti ya shangazi ilikuwa imekuwa ndogo. Aliuliza, "Mko wapi?"

"Columbus, dada."

"Mmekula?"

"Tumekula." Hatukuwa tumekula.

"Hapa jua linawaka. Njooni."

Hakukosea. Gatsinzi alituambia kwamba mtaani kwao, pale Bailey, kulikuwa kukavu, ila ukitazama kusini unaona wingu limesimama kama ukuta. Sisi tulikuwa tunatokea kusini. Baba alisimama mwenyewe, akaenda kwenye gari. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaondoka mahali kabla hajaambiwa.

Saa kumi alasiri tulifika mpakani, pale Pennsylvania inapoishia na jimbo la New York linapoanza. Magari mawili ya polisi yalikuwa yamekaa yamekingama barabarani, taa zinazunguka. Malori yamepangana pembeni, foleni huoni mwisho wake. Kulikuwa na kizuizi, mpakani hasa, na polisi wenye makoti mazito wakisimamisha kila gari.

"Samsoni," baba alisema. "Unaona."

Alianza kufungua mlango. Mjomba alimshika shati, akamwambia akae, asiguse kitu, mikono juu ya mapaja. Lakini polisi alipoinama dirishani baba alikuwa ameshatoa makaratasi yote, anayapitisha mbele ya kifua cha mjomba: ya uhamiaji, ya chanjo, na juu kabisa ile nakala yenye muhuri. Polisi aliichukua nakala, akaigeuza, akamrudishia bila ukali. Akaongea. Mjomba akatutafsiria kwamba barabara imefungwa, watu wamekwama ndani ya magari huko mbele, turudi mji wa nyuma kuna kanisa wamefungua ukumbi, tusubiri hapo.

"Amesema tusubiri," baba alisema.

"Amesema barabara imefungwa kwa sababu ya theluji."

"Lakini amesema tusubiri."

Kanisani walitupa supu na vitanda vya kukunja. Jumatano ikapita hivyo. Jioni yake mjomba alirudi mbio kutoka nje, amekutana na dereva wa lori, Msomali aliyekulia Kenya, wameongea Kiswahili. Dereva alimwambia kuna njia ya kuzunguka kwa milimani, ndefu, labda mwendo wa saa nane, yeye kapita asubuhi. Mjomba alikuwa ameshawasha gari.

Baba alikuwa kwenye kiti, karibu na mlango wa ukumbi.

Mjomba alisema maneno mengi. Alisema kwa utani, akasema kwa ukali, akapiga magoti mbele ya wazee wa Kizungu waliokuwa wanakunywa kahawa, akamshika baba miguu. Baba alijibu jambo moja, kwamba polisi ameona jina lake kwenye karatasi na amesema asubiri, na safari hii yeye hatoki bila ruhusa. Mimi nikasema, "Baba, twende." Akauvuta mfuko wake wa makaratasi mapajani. Mjomba akaenda kuzima gari, na hakumtania tena, tangu siku hiyo mpaka leo.

Alhamisi mchana Gatsinzi akapiga. Shangazi alikuwa amefariki. Asubuhi aliuliza kama tumeshatoka Columbus.

Barabara ilifunguliwa Jumamosi. Tulipita katikati ya kuta za theluji zilizolipita gari kwa urefu, hatuoni chochote ila nyeupe na kipande cha mbingu. Kisha, kwa ghafla, ikaisha. Mtaa wa Bailey ulikuwa na vumbi. Watoto walikuwa kwenye baiskeli. Baba alishuka, akasimama kwenye majani mbele ya nyumba ya dada yake, akayatazama kwa muda mrefu, majani ya kawaida tu, ya kijani kilichochoka.

Ndani watu walikuwa wamejaa, wamekaa kwenye magodoro na viti vya kanisa, Warundi na Wakongo. Niliwasikia wanawake jikoni. Walisema kaka ana gari, ana likizo, tangu Mei, na Louisville si mwezini. Mjomba alikuwa amewaeleza wote habari ya theluji, alizunguka nayo chumba chote, na watu walianza kulainika. Mchungaji akamwomba baba aseme neno la familia.

Baba alisimama, mfuko wake kwapani.

"Si theluji," alisema. "Barabara ilikuwa wazi mwezi wa sita, wa saba, mpaka wa kumi. Mimi nilikuwa nangoja kibali. Dada yangu amekufa nikiwa nangoja kibali cha kumwona, na kumbe hakuna anayekitoa."

Gatsinzi alitoka nje, mlango akauacha wazi. Baridi ikaingia na hakuna aliyeinuka kuufunga. Mama mmoja alianza kulia, akaacha. Baba alikaa chini palepale aliposimama, sakafuni, na watu wakasogeza miguu kumpa nafasi.

Karibu naye alikuwa amekaa mzee anaitwa Karaha, jirani wa shangazi, mtu wa kambi ya Kibondo. Maombi yalipoanza aliinama sikioni kwa baba. Nilikuwa nyuma yao.

"Kwa hiyo hakihitajiki?"

"Hakihitajiki."

Karaha alisema ana mtoto wa kiume Columbus, mwaka wa nne sasa, na barua yake mwenyewe ya kuomba kibali ina miaka mitatu ofisini. Akamuuliza baba, kwa gari, kutoka Columbus mpaka hapa, ni saa ngapi.

Baba akamwambia kwamba hajui, kwamba kwenye daftari ameandika mwendo wa saa tano na nusu, lakini wao walitoka huko Jumanne.