Sauti ya Papa nyuma ya mlango

Juzi mjukuu wangu alinipeleka Newtown, mtaa wa huku mjini tunakoishi sasa, kuona mchezo wa kuimba, ule wa kuchekesha. Tajiri mmoja mnene aliimba kwa hasira, haraka haraka kama mtu anafukuza kuku, na mfanyakazi wake akawa nyuma ya mlango anamwigiza. Watu walicheka, na mwisho wale wawili wakaimba pamoja, yakaisha. Mimi niliangalia chini tu.

"Koko, si ndiyo kazi yako hii, kuigiza sauti za watu?" mjukuu akaniuliza.

Ni kazi yangu tangu utoto. Kwetu Kalemie, katika ukoo wetu, baba ndiye anaanzisha wimbo wa kumtoa bibi arusi mlangoni. Dada yangu alikuwa anaolewa, basi mchana mmoja kabla ya arusi baba yangu, Papa kama tulivyomwita, alijifungia ndani kufanya mazoezi, na uani kulinuka samaki wa kukaanga. Sauti ilimkatika kule juu, akakohoa, akaanza tena. Nikasimama nje ya mlango nikaimba kama yeye, "Mwanangu weee, kho kho." Wamama wa samaki walicheka mpaka wakashika mbavu. Papa akatoka, akacheka na yeye. Nikajua nimemfurahisha.

Siku ya arusi dada alisimama mlangoni, anamngoja Papa aanzishe. Papa aliwaona wamama wa samaki, akaangalia chini tu, mpaka mjomba akaanzisha wimbo. Mimi nilidhani amesahau maneno. Nikamvuta shati, nikamnong'oneza wimbo wake kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na kile kikohozi.