Kaka Zakaria na pete ya raba ya Itebero

Bado haijaniingia. Jana mchana wamenipigia kutoka Pinga kwamba Kaka Zakaria ametutoka, na leo asubuhi nimejikuta nimeshika simu nimpigie yeye mwenyewe, nimuulize kama ni kweli.

Wengi mnaonisoma hapa hamkumjua. Tulikuwa vijana miaka ya hamsini, kwenye kikundi kilicholaza tiyo, yaani mabomba ya maji, kuanzia vilima vya Masisi mpaka huko chini Walikale.

Sisi wawili tulikuwa watu wa essai, kupima kama tiyo inavuja. Tiyo ikishalazwa, kabla haijafukiwa, tunaziba mwisho wake kwa kifuniko cha chuma, tunaijaza maji, tunasukuma pompi ya mkono mpaka presha ipande sana. Halafu tunanyamaza, tunatazama mshale wa saa ya presha.

Saa hiyo aliibeba Zakaria. Aliifunga kifuani kwa kitenge, safari nzima, kwa miguu.

Wanawake njiani walimtania: "Papa, mutoto wako anaitwa nani?"
"Anaitwa Musipige-Kelele. Njo amelala sasa hivi."

Kitu kimoja tu tulibishana miaka yote: pete. Kati ya kifuniko na mdomo wa tiyo kunakaa pete ya kuziba, wazungu waliiita joint. Ikivuja, mshale unashuka, na hujui kama mbovu ni tiyo au ni pete.

Pete ya risasi, ile madini laini, inaziba vizuri, lakini ukishaikaza imelala bapa, unaitupa. Ya ngozi ya ng'ombe inarudiwa mara nyingi, ikilowekwa kwenye samli isikauke. Ya raba ndiyo bora: unaikaza, unaifungua, inarudi umbo lake.

Zakaria alichagua ngozi. Kila mara ngozi. Mimi nilimwita muchungaji wa ng'ombe.

Sababu aliniambia mara moja, tukila mihogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yeye akiwa mdogo, baba yake alipelekwa porini na wanaume wengine kukata raba. Alirudi anakohoa, hakuishi sana. "Ile harufu mi siitaki ku mikono yangu." Akaendelea kula.

Kisha tukafika Itebero. Kwao.

Mama yake alikuwa anateka maji kwenye kijito bondeni, njia ya utelezi, na magoti yake yalikuwa yameanza kukataa. Shefu wetu wa kazi alikuwa amesema wazi: tiyo isiyopita essai haifukiwi, inang'olewa, inapelekwa kijiji kingine. Na kesho yake tulikuwa tunaondoka. Sijawahi kumwona Zakaria akikaza boliti za tiyo taratibu vile.

Asubuhi hiyo alikuwa ametundika pete yetu ya ngozi kwenye ua, samli ichuruzike kidogo. Kule Masisi, kwa wafugaji, tulifanya hivyo siku zote. Lakini Itebero ni kwa wawindaji, na mbwa wa wawindaji hajui pete.

Aliila yote. Tulimkuta analamba miguu.

Jirani mmoja, Papa Ferdinand, alicheka mpaka akashika mti. "Zakaria! Masisi imekuharibu! Unatundika nyama mbele ya mbwa ya muwindaji? Sasa presha iko mu tumbo yake, mumupime yeye!"

Kijiji kizima kilicheka. Zakaria hakucheka. Za risasi zilikuwa zimekwisha. Kwenye sanduku ilibaki pete moja, ya raba, mpya.

Nikamwambia, "Leta, mi nitaiweka." Alikaa juu ya tiyo, mgongo kwetu.

Mama yake akaja na ndizi za kuchoma, akaambiwa habari. Akamtazama mwanawe.

"Baba yako alichukia kuikata, ile raba. Kweli. Lakini kunywa maji hakuchukia."
"Mama, wacha."
"Nawacha. Magoti yangu njo haiwache."

Zakaria akainuka. Akachukua majivu jikoni kwa mama yake, akasugua mikono mpaka samli yote ikatoka, maana mafuta yanakula raba. Kisha akaishika pete mwenyewe. Aliinusa. Akasema maneno machache kwa lugha ya kwao, polepole, mimi sikuyaelewa. Akaiweka, akakaza.

Mimi nilisukuma pompi. Mshale ukapanda, ukafika, ukasimama. Tulikaa pale jua likituhama, na haukushuka hata unywele. Papa Ferdinand naye alisogea kutazama mshale.

Tukafungua. Pete ilitoka nzima, mviringo uleule. Zakaria akaigeuza mkononi, akaifuta, akairudisha kwenye sanduku. "Itafanya tena," akasema. Basi.

Maji yalipofunguliwa karibu na mlango wa mama yake, yeye ndiye aliyekinga wa kwanza. Akaonja, akakunja uso: "Inanuka chuma." Akakinga tena, akanywa yote. Zakaria aligeuka upande wa msitu, kule baba yake alikokatia raba.

Kuanzia siku ile tulitumia raba. Hatukubishana tena juu yake, na sikumuuliza kitu.

Mliomfahamu, andikeni hapa chini mnachokumbuka, hata kidogo.

Kaka, kule unakoenda yuko mtu aliyekutangulia, amechoka na kikohozi. Ukimkuta, mwambie maji yalifika nyumbani, na mama alikunywa hapo hapo mlangoni. Mwambie kwa ile lugha yenu.

Lala muzuri, Zakaria. Kazi imepita essai.