Shamba la Pundamilia

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya mume wangu. Vyangu vilikuwa vimekwisha soli, na miaka ile ukiingia dukani Musoma unakuta rafu tupu na mwenye duka anajipepea. Nikajaza matambara mbele ya vidole, nikatoka Nyakato asubuhi na mapema, nikishuka kwenye ukungu wa ziwa. Mpaka leo nikifumba macho naiona karakana ile ikijitokeza polepole, kwanza paa, halafu mlango, halafu mtu mfupi mwenye bisibisi nyuma ya sikio.

Huyo alikuwa Bwana Karakana, mkuu wa mafundi wa idara ya wanyamapori. Aliangalia viatu kabla ya uso.

"Wewe ndiye binti wa Kiriba? Nimeambiwa unajua mashine."

"Najua ya mtumbwi, bwana. Baba ni mvuvi. Mimi ndiye nilikuwaga namsafishia plagi."

"Plagi ni plagi. Njoo umwone mtoto."

Mtoto alikuwa amefunikwa turubai. Wafadhili walileta pikipiki ya magurudumu manne, matairi yake manene na laini, pamoja na vifaa vidogo vya kukokota nyuma. Madereva wanaume waliikataa. Walisema mtu mwenye mke na watoto hawezi kuonekana barabarani amepanda kitu kama kile. Basi nikapewa mimi, na kwa majivuno yao hayo nawashukuru hadi kesho.

Nyie wajukuu mnaonicheka mkisikia bibi yenu alikuwa akilimia pundamilia, tulieni niwaeleze. Upande wa Bunda, mashamba ya watu yanakwenda mpaka karibu kabisa na pori. Mtama unapoanza kuwa mwekundu ndipo nyumbu na pundamilia wanateremka, na wakiingia shambani kwako, hata debe hupati. Mradi wetu ulikuwa wa kuwapandia wanyama shamba lao, upande wao, nyasi tamu na fiwi, maharage yale yanayotambaa na kubaki kijani hata jua likikaza. Wakishiba huko, hawatafika kwa watu. Ilikuwa ndoto tu, na wengi waliicheka, lakini mimi niliingia ndani yake kama mtu anavyoingia majini.

Kwanza nilipelekwa Butiama msimu mmoja, kwa Bwana Mbegu, mzee mpole aliyekuwa akizungumza na magunia. Yeye ndiye alinifundisha kwamba mbegu ya nyasi haizikwi, inalazwa. "Mama Magesa," alikuwa akiniambia, "ukiifukia sana hii, umeiua. Ilaze, uifunike shuka, basi." Shuka lenyewe ni vumbi jembamba tu la udongo. Jioni tulikuwa tukikaa juu ya mawe, upepo unavuma, yeye anasugua mbegu viganjani na kuzinusa. Nilipata usingizi mzuri Butiama kuliko mahali popote.

Ndipo nikahamishiwa Bunda, chini ya Meneja wa Mradi, mtu wa mbali, mrefu, mwenye kuongea taratibu. Sikupangiwa nyumba, nikalala kwa mama mkwe wangu, Nyamisi, ambaye mji wake ulikuwa katika kijiji cha mpakani kabisa. Shamba lake la mtama ndilo lilikuwa la mwisho. Ukivuka mpaka wa shamba lile, uko kwa wanyama.

Na hapo ndipo kazi ilipoacha kuwa kazi ya ofisi. Mtama wa mama ulikuwa umeliwa misimu miwili mfululizo. Mume wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa ametuma neno kutoka Nyakato: ukiliwa tena, anakuja kumchukua mama akae nasi mjini, hakuna mjadala. Alisema kwa upendo, lakini kwa mama ilikuwa hukumu.

"Nyakato nitalima nini, kizingiti?" aliniuliza siku ya kwanza tu, kabla sijatua mzigo. "Mume wangu amelala hapa. Mimi nimwache na nyumbu?"

"Ndiyo nimekuja, mama. Tutawapandia huko kwao wasije."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Yaani Serikali imekosa watu wa kulisha! Sabuni hakuna, sukari hakuna, punda wa porini wanalimiwa!"

Udongo wa kule ni ule uitwao mbuga, mweusi na wa kunata. Ukilowa unashika gurudumu, trekta kubwa inazama na kulala hapohapo. Ukikauka unakuwa jiwe. Kati ya hayo mawili kuna siku chache tamu, na pikipiki yetu, kwa wepesi wake, iliweza kuingia siku hizo. Siri ilikuwa kupunguza upepo kwenye matairi mpaka dole gumba linabonyea, ili mashine ikanyage juu juu. Nyuma nilikuwa nikifunga haro ndogo, yaani fremu yenye visahani vya chuma vinavyokata udongo na kuupindua. Nikimaliza nafunga rola, bomba nene la maji tulilolijaza mchanga, kushindilia mbegu zigusane na udongo. Mashine ya kumwagia mbegu iliharibika mapema na spea hakuna, nikawa narusha kwa mkono kama anavyorusha mama yangu mzazi dagaa juu ya mwamba. Watu wa kijijini waliiita pikipiki ile Ndama wa Serikali. Ilikuwa ikiguna asubuhi kwenye umande, mimi juu yake nimejifunga khanga kichwani, mbele swala wameinua shingo wananitazama bila haraka, na kuna wakati nilisahau kabisa kama nina mume, kama nina njaa.

Mwaka wa kwanza shamba la pundamilia lilistawi ajabu. Kijani kitupu, mstatili umenyooka, nimeusawazisha kwa rola mpaka unang'aa. Nikaenda Nyakato siku kadhaa kuwaona watoto. Niliporudi nikakuta vumbi. Hakuna jani. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wameingia.

Meneja alikasirika, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona hivyo. Alimwita Wambura, jirani yetu mwenye ng'ombe wengi.

"Mzee Wambura, kwa nini umefanya hivi?"

Wambura alishangaa kweli. "Nimefanya nini, Meneja? Si watu tumeshavuna? Shamba limelimwa, limepandwa, kwenye kona hamna fundo. Nikajua mmefungua. Nikasema Serikali nayo siku hizi ina utu."

Mimi ni mtoto wa ziwani, Meneja ni wa mbali, tukatazamana. Ilibidi mama atueleze. Kule, ukishavuna, shamba linakuwa la wote mpaka mvua zirudi. Ng'ombe wa jirani wanaingia kula mabua kwako, wako wanaingia kwake, hakuna kuomba wala kushukuru. Ila kama hujamaliza kuvuna, unasimamisha kijiti kwenye kona na kukifunga bua la mtama, fundo moja. Mchungaji akiliona anapitisha ng'ombe nje. Ukimaliza, unalifungua mwenyewe, kwa mkono wako. Fundo la mtu haliguswi na mwingine, hata mgombane vipi.

Pundamilia walifika wiki ile ile. Wakakuta vumbi letu, wakapitiliza, wakaingia kwenye mtama wa mama, uliokuwa umechelewa kukomaa. Asubuhi tulisimama pale sote. Mama aliokota suke moja lililovunjika, akalifuta na khanga, akalitia kifuani. Mimi nililia. Yeye hakulia. Aliingia ndani akaanza kukunja nguo zake.

Mume wangu alikuja kweli. Meneja alimpokea yeye mwenyewe, akamketisha.

"Nipe msimu mmoja," alisema. "Nakuomba kama ndugu. Kisha umchukue."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitambeba mimi mwenyewe mpaka Nyakato."

Mama akasema kutoka jikoni, "Huyo mrefu hivyo atanidondosha." Tukacheka wote, hata mume wangu, na mzigo ukafunguliwa.

Msimu uliofuata nililima huku moyo uko juu. Mvua zilichelewa, siku tamu zikawa chache, nikashinda juu ya Ndama tangu alfajiri mpaka mgongo unakufa ganzi. Fiwi zilipotambaa, Meneja alimwendea mama na kumwamkia.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukuomba fundo."

"Fundo linafungwa na mwenye shamba, baba. Shamba lile ni la nani?"

"La pundamilia."

Mama akafikiri, uso mkavu kabisa. "Basi mimi ni mjane na wao hawana mikono. Nitawafungia."

Alikwenda na mabua yake, akayafunga kwenye kona zote, akasimama kijijini akatangaza kwamba mwenye shamba lile bado hajavuna, na anayetaka ugomvi aje kwake. Watu walicheka, Wambura zaidi ya wote. Lakini ng'ombe wake walipita nje. Kila siku niliwaona wakipinda pale kwenye kona, vumbi lao liking'aa kwenye jua, kengele zinalia mbali, na hakuna hata mmoja aliyetia mdomo.

Kisha siku moja alfajiri mama aliniamsha kwa kunigusa mguu. "Njoo. Wenyewe wamekuja."

Ukungu ulikuwa chini chini juu ya fiwi. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu michirizi ikaanza kutokea, huku mgongo, huku shingo, huku sikio, wamejaa shamba lote, wanakula taratibu kwa sauti ya mvua ndogo. Mtoto mmoja wa pundamilia alikuwa amelala katikati ya kijani. Nyuma yetu mtama wa mama ulisimama mzima, mwekundu. Mama alinishika mkono, kitu ambacho mkwe hamfanyii mkaza mwana kule kwao, na hakuniachia mpaka jua lilipotoka.

Alivuna. Mume wangu alikuja na kurudi Nyakato na gunia la mtama badala ya mama.

Miaka ikafunguka baadaye. Madukani kukajaa sabuni na mitumba, kila mtu akawa mfanyabiashara, na wafadhili wakaondoka na mradi wao. Meneja alihamishwa. Ndama alirudishwa Musoma, nikaendesha mwenyewe mpaka karakana, Bwana Karakana alikuwa ameshastaafu. Mimi nilimalizia utumishi wangu ghalani, nikistaafu kimya kimya na keki ndogo. Mnaniuliza kama ile kazi ilisaidia kitu. Pori lilirudi kwenye mistatili yangu, huwezi kuiona tena. Ila kila msimu mama alipanda fiwi kidogo nje ya mpaka wake, kwa jembe la ng'ombe wa Wambura, na kufunga fundo, akisema hawezi kuwaalika watu mara moja halafu awafungie mlango.

Alifariki wakati wa mavuno, nusu ya mtama umekatwa, nusu umesimama. Tulimlaza kando ya mume wake, pale pale shambani. Baada ya matanga ndugu walituachia mimi na mume wangu tumalizie kuvuna. Tulivuna mpaka suke la mwisho, kisha mume wangu akaniambia niende nikafungue fundo alilofunga mama, maana mkaza mwana ndiye anayerithi jembe la mama.

Nilikwenda mpaka kwenye kona. Bua lilikuwa limekauka, limeshikilia umbo la vidole vyake. Nikainua mkono, nikaushusha.

Wambura alikuwa amesimama nje ya mpaka na ng'ombe wake, mzee sana sasa, ameegemea fimbo. Shamba lilikuwa tupu nyuma yangu, mabua matupu, na yeye aliliona hilo vizuri kuliko mimi.

"Mama Magesa," aliuliza, "bado?"

"Bado, shemeji."

Akapiga mluzi, ng'ombe wakapinda, wakapita nje.