Walivyonichangia kwa Vidole

Fundi cherehani wa Kabeza, mtaa wa hapa Kigali, alikuwa akiniita mwalimu, na kila aliponiita hivyo nilitamani kumnyang'anya tovuti yake.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Niliacha shule mapema, nikaosha pikipiki, nikabeba mizigo katika hoteli moja ya Kiyovu, kisha nikaangukia duka la kutoa kopi pale Sonatubes, ambako kompyuta hukaa bila mtu asubuhi nzima. Huko nilijifunza kutengeneza tovuti na kuiwekea matangazo: kampuni ya mbali inaleta tangazo, msomaji akilibonyeza, mwenye tovuti anapata chochote. Yangu niliijaza kila kilichonisumbua akili. Kwa nini mwewe huzunguka juu ya mji bila kupiga bawa. Kwa nini matofali mengine hupasuka tanurini. Nilirekebisha kila sentensi, nikangoja watu.

Fundi alikuwa mama wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya vitambaa. Alinishonea suruali, akakataa malipo, akataka nimfungulie tovuti kama yangu. Nikamfungulia. Akaweka picha za mikono yake ikikata kitenge, na maneno machache: hapa kunja, hapa acha nafasi ya kifua. Basi. Wanawake wa Kigali, wa Bujumbura, wa Goma wakamiminika. Haukupita muda akanunua cherehani ya umeme kwa hela za matangazo.

"Mwalimu, njoo uone matunda yako," aliniambia, akiipapasa.

Nikampa hongera. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiyakumbuka makosa ya tahajia katika ukurasa wake.

Tovuti yangu ilikuwa haijanilipa hata mara moja. Kampuni hailipi mpaka mapato yafike kiwango fulani, na yangu yalikuwa yanakikaribia kwa mwendo wa kinyonga. Nilikuwa nimejiapiza: nikilipwa mara moja tu, naacha kuhamahama, naishi kwa kuandika. Hilo nilimwambia yeye peke yake, siku moja nilipozidiwa na wivu nikaona afadhali nionekane mwenye mipango.

Alasiri moja nilipita kwake, nikakuta wateja wamejaa barazani, kila mmoja ameinamia simu.

"Huyo kaja!" akasema mmoja. "Mwalimu, mimi nimebonyeza ile tangazo yako ya viatu. Iko mzuri, shahu!"

"Mimi ile ya benki," akasema mwingine. "Nimebonyeza mpaka kidole imechoka."

"Muongo! Wewe ulikuwa unatafuta bei ya viatu," akadakia wa kwanza.

Nikamwita fundi pembeni.

"Dada, si nilikwambia haifai kujibonyezea? Kampuni inafunga akaunti."

"Ndiyo, uliniambia mtu asijibonyezee." Alinitazama kama mtoto mgumu wa kuelewa. "Kwani umejibonyezea wewe? Tumekubonyezea sisi. Hata harusini, bwana harusi hajichangii. Wanamchangia watu."

Hapa kwetu mtu akioa huchangiwa na jirani, na mteja, na hata dereva wa pikipiki anayempeleka kazini. Yeye aliisikia sheria yangu, akaielewa kwa jinsi watu wanavyoishi. Kampuni haikuielewa hivyo. Kesho yake akaunti yangu ilifungwa, na kile kidogo kilichokuwamo kikapotea nayo.

Yake haikuguswa. Nani amchangie mtu asiyehitaji mchango? Ningepata nafuu kama angefanya kwa ubaya, ningekuwa na la kumlaumu. Lakini alilia kweli, akajifuta kwa kipande cha bitana, na hata kulia kwake kulipendeza kuliko kwangu.

"Lete maandishi yako kwangu," akasema. "Tuyaweke pale pale na magauni. Kitakachopatikana tutagawana. Ila andika kitu kinachokaa na nguo, mwalimu wangu. Wale ndege wako watawatisha wateja."

Wiki nzima nilikataa. Kisha nikaandika juu ya vifungo: vile vya pembe ya ng'ombe, vile vya kombe la baharini, na kwa nini shati la mwanamume hufungwa upande huu na la mwanamke upande ule. Niliyaandika kwa hasira, na labda ndiyo sababu yalitoka vizuri. Yakasambaa. Aliponiita nikasome maoni, nilikwenda karibu nikikimbia.

"Dada fundi, kumbe una elimu hivyo!" mmoja ameandika. "Mikono ya dhahabu na akili pia," ameongeza mwingine.

"Umewaambia ni mimi?" nikamuuliza.

"Nimewaambia, wallahi! Tazama: nimeandika si mimi, ni mwalimu wangu."

Nikatazama. Chini ya jibu lake wasomaji walikuwa wamejipanga kumsifu kwa unyenyekevu wake, wengi kuliko wote waliowahi kuisoma tovuti yangu.