Chupa Juu ya Kabati

Kazini walimwita Bi Waridi, na wageni walidhani ni kwa sababu ya uzuri. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwacheka. Jina lilitokana na unga. Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye ukingo wa mfereji wa mtambo wa umeme, akachota maji yanayorudi mtoni, akatia unga kidogo ndani ya kichupa, akatikisa, akakiinua kwenye mwanga. Maji yakibaki meupe, hakuna klorini. Yakigeuka rangi ya waridi, ipo. Waridi likikolea, ipo nyingi, na hapo shangazi hukimbilia simu.

Mtambo hunywa maji ya mto ili upoe, na ndani ya mabomba yake kome na utelezi huota kana kwamba wamepangishiwa. Basi mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, hutiwa klorini ya kuwaua. Kabla maji hayajarudi mtoni, pampu nyingine huongeza dawa ya kuifuta hiyo klorini. Kazi ya shangazi ilikuwa kuhakikisha kwamba imefutika kweli, maana kinachoua kome hakichagui.

Na chini kidogo ya mdomo wa mfereji, pale mto unapopinda na maji yanapotulia, palikuwa na samaki wa baba yangu, kaka yake mkubwa. Aliwafuga kwenye vizimba sita vya nyavu vilivyofungwa kwenye mapipa yanayoelea. Watu walimwambia anafuga mlangoni mwa hatari. Baba alikuwa mbishi kama mimi. "Nani atanitilia sumu," alisema, "wakati anayelinda mlango ni damu yangu?"

Shangazi alikuwa na sheria moja: soma hapo hapo. Klorini haikai kwenye maji. Jua huila, joto huifukuza, na baada ya muda mfupi tu nyingi imeshakwenda. "Ni kama hasira ya mtoto," alinifundisha siku niliyompelekea chakula kazini. "Ukienda kumwita mama yake aje aone, mnarudi mnamkuta anacheka."

Kisha akaja mkuu mpya wa maabara. Simchukii mtu huyu, au labda namchukia kidogo. Alileta mashine ya kusomea maji, kubwa, yenye kioo na namba, akaiweka kwenye jengo kuu lenye kiyoyozi. Akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kusoma kwa macho. Chupa zote zikusanywe na gari linalozunguka vituo vyote vya mtambo, ziletwe kwenye mashine. Gari lilianza kwa shangazi asubuhi, na lilifika kwenye mashine karibu na saa sita mchana.

"Mkuu, yakifika huko hayatakuwa na kitu," shangazi alimwambia.

"Mama yangu," akajibu kwa upole, maana ni mtu mwenye adabu, "mashine hii inaona kuliko macho yako na yangu."

Mashine iliona sifuri. Ikaona sifuri wiki nzima, mwezi mzima, miezi minne. Mtambo ukapongezwa. Sanduku la shangazi la unga lilichukuliwa likafungiwa stoo, akabaki na pakiti chache alizozisahau mfukoni mwa koti. Kila siku alitia saini kwenye fomu, mahali palipoandikwa "aliyechukua sampuli". Alijiambia kwamba huo si uongo, sampuli kweli kachukua yeye. Nilipomuuliza kwa nini hakukataa, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua imenyesha. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Angekataa, wangemweka mwingine achote, na chupa zingepanda gari lile lile.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Maji ya mfereji yalinuka kama sakafu ya hospitali. Shangazi akatoa pakiti moja mfukoni, akatia unga. Maji yakawa mekundu kabisa, yakapita waridi. Akapiga simu chumba cha mitambo. Wakamwambia pampu ya dawa ya kufuta imeharibika, spea iko njiani, wala asiwe na wasiwasi, mto ni mkubwa. Akaomba wasimamishe klorini. Wakamwambia hilo ni la meneja, na meneja yuko kikaoni. Akampigia baba.

"Kaka, samaki wakoje?"

"Wamekuja juu wote. Wanahema, midomo nje."

"Wahamishe!"

"Niwahamishie wapi, dada? Nyavu ndizo hizo, mto ndio huo."

Akaishika simu hivyo hivyo, akimsikiliza kaka yake akipiga maji kwa kasia, sijui kwa matumaini gani. Samaki wa mtoni walikuwa na pa kukimbilia. Wetu walikuwa wamefungiwa. Kufikia adhuhuri vizimba vyote sita vilikuwa vyeupe kwa matumbo. Chupa ya shangazi nayo, wakati huo huo, ilifika kwenye mashine ikasoma sifuri.

Siku kumi na mbili baadaye kiliitishwa kikao kwenye ukumbi wa mtambo. Alikuja afisa wa mazingira na faili lake, meneja na mkuu wa maabara, na sisi. Meneja alisoma namba za miezi minne. Sifuri, sifuri, sifuri. Afisa akamuuliza baba kama ana ushahidi wowote.

Baba akasimama. Akafungua kitambaa, akatoa chupa ya maji iliyozibwa kwa nta. Sikuwa nimeiona. Hakuna aliyekuwa ameiona.

"Haya ni maji ya siku ile," alisema. "Niliyachota samaki wakiwa bado wanahema. Nimeyaweka juu ya kabati, hayajaguswa na mtu. Hata dada yangu sikumwambia, wasije wakasema tumepanga. Sasa ayapime, mbele yenu."

Nilimwona shangazi akikaa chini. Uso wake sitausahau. Kaka yake alikuwa amemficha chupa ili amlinde, na akaitunza kwa uangalifu mpaka klorini yote ikaisha ndani yake.

"Kaka," alisema taratibu, "hayo hayafai tena kupimwa."

"Pima tu, dada. Usiogope. Nipo."

Alikuwa na pakiti mbili. Akatia moja. Akatikisa, akainua kichupa kwenye dirisha. Ukumbi mzima ukanyoosha shingo. Maji yalibaki meupe.

"Ongeza unga," baba alisema.

"Kaka..."

"Ongeza, huo ni mdogo."

Akatia ya mwisho. Unga mwingine ukamwagika mezani. Meupe, meupe tu.

Ndipo shangazi akageuka akaongea kwa mara ya kwanza kwa sauti kubwa ndani ya jengo lile. Akasema siku ile maji yaligeuka mekundu mkononi mwake na pampu ilikuwa mbovu, klorini haingoji, siku kumi na mbili si kitu, hata saa tatu za gari si kitu. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogezea fomu.

"Mama, hizi saini ni zako?"

"Ni zangu."

"Kwa hiyo unasema miezi minne ulikuwa unatuletea maji ambayo ulijua hayafai kupimwa?"

Afisa akaandika kwamba klorini haikugundulika, si kwenye sampuli za mtambo, si kwenye sampuli ya mlalamikaji, akafunga faili.

Niliona hasira nyingi siku ile, nyingi zikiwa zangu. Baba hakuwa na hata chembe. Aliizungushia chupa kitambaa chake tena, na getini akamuuliza dada yake kitu kimoja tu: "Ningekuletea siku ile ile, ingekuwaje?"

"Ingekuwa nyekundu," shangazi alisema, na wakalia wote wawili, watu wazima, walinzi wakiwatazama.

Pampu ilitengenezwa. Itadumu kwa muda gani, hatujui, maana gari bado linazunguka na mashine bado inaona sifuri. Chupa imerudi juu ya kabati, na mama anaifuta vumbi bila kuisogeza. Na kila siku, asubuhi na alasiri, klorini inapoanza kutiwa, simu ya baba huita.

"Kaka, wanatia sasa."

"Haya, dada. Nimesikia."

Kisha baba hutoka, akasimama ukingoni, akaviangalia vizimba. Hamna hata samaki mmoja.