Siku Gita la Yungiyungi Liliponitangaza

Aibu hii naikubali mwenyewe kabla hamjanitajia, maana waliokuwapo Jang'ombe alasiri ya Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1957, wengi wangali hai, na mpaka leo wakinisalimu huuma midomo wasicheke. Mimi ndiye niliyesikika kwenye spika. Si kwa kuimba (Mwenyezi Mungu sauti yangu hakuijaalia kuimba, aliijaalia kusema), bali kwa kutamka jambo lisilotamkwa, mbele ya wanawake waliojaa ua mzima na wanaume waliokaa barazani nje wakinywa kahawa yao. Na yote yalitokana na kifaa kimoja kidogo, mviringo kama kifuniko cha kopo la maziwa, nilichokichagua mimi kwa akili yangu na kujisifu kwacho wiki mbili nzima.

Klabu yetu ya taarab ya wanawake ilikuwa ikiitwa Yungiyungi, nami nilikuwa katibu wake. Ukatibu huo sikupewa kwa kuonewa huruma ya ujane. Mume wangu alifariki tarehe 2 Februari 1953, nikakaa eda yangu mpaka ikaisha, na Januari ya mwaka uliofuata nikaingia darasa la jioni la akina mama, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, nikajifunza kusoma na kuandika nikiwa nimebanana dawati moja na mwari aliyekuwa akinicheka kila nikishika kalamu (baadaye alikuwa akiniomba nimwandikie barua za mchumba wake, kwa hiyo tukawa sawasawa). Kufikia mwaka wa hamsini na saba, hapakuwa na mkutano wa Yungiyungi nisiouandikia tarehe.

Sasa, klabu za wanawake wakati huo zilikuwa na sisi waimbaji, ila vyombo vikubwa tukiajiri wanaume watupigie. Yungiyungi tulikuwa tumechoka. Tulinunua gita la umeme, kuukuu lakini zuri, na mwenzetu Bi Mize, mshona nguo mzaliwa wa Mangapwani, alijifunza kulipiga peke yake chumbani, mwaka mzima, mpaka vidole vikaota sugu. Basi wiki mbili kabla ya harusi ya Jang'ombe, gita likanyamaza. Ile maiki yake, kile kipande cha sumaku kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba na kukaa chini ya nyuzi kunasa sauti yake, ilikuwa imeliwa na unyevu, waya umekatika ndani.

Mwenyekiti wetu, Bi Zuwena, ndiye aliyekuwa pia mwimbaji wetu mkuu, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Harusini watakuwapo Waridi," alisema. Waridi ndio waliokuwa wapinzani wetu. "Mkituaibisha mbele ya Waridi, gita linauzwa Jumatatu, tunarudi kwa wanaume wetu wa kuajiri, na wewe Mize utarudi nyuma kwenye dumbaki. Nshasema."

Mize alilifunika gita kwa kanga kama mtu anayemfunika mtoto mwenye homa. Nilipomwona vile nikasema, hili niachieni mimi.

Nikaenda kwa Fundi Hamadi, fundi redio, dukani kwake Mchangani. Akaniwekea mezani mambo matatu. Kwanza ilikuwapo maiki mpya ya sumaku, ndani ya kasha lake, na karatasi yake ya maelezo (nikaisoma yote kwa sauti, ili ajue anazungumza na nani), lakini bei yake ilikuwa mara tatu ya fedha yote ya klabu. Pili, angeweza kuizungushia waya mpya ile ya zamani, ila waya mwembamba kiasi hicho ulikuwa uagizwe Mombasa, na harusi haingoji meli. Tatu, akafungua mtoto wa meza akatoa kipande cha simu ya jeshi iliyobaki tangu vitani, kile kinachowekwa sikioni. Ukikibana juu ya ubao wa gita, alisema, hunasa mtikisiko wa ubao na kuupeleka kwenye spika. Bei yake ilikuwa ya kuchekesha.

Akakibana, akaunganisha waya kwenye redio, nikaupiga uzi mmoja kwa kidole. Duka zima lilitetemeka.

"Funga," nikamwambia. "Nnakichukua hiki."

"Bi Raya," akasema, "nakwambia mapema. Ile ya sumaku husikia chuma cha nyuzi tu, basi. Hiki husikia kila kilicho karibu yake."

"Vizuri. Klabu yetu haitaki kitu kiziwi."

Akanitazama kidogo, akafunga. Kwa fedha iliyosalia nikanunua nyuzi mpya, na kitambaa cha atlasi cha kulivisha gita shingoni (hapo tayari kiburi kilikuwa kimeshanipanda, lakini nani angenambia?). Tukalijaribu chumbani kwa Mize, Mize akipiga na mimi nikisikiliza kimya kwa heshima, na sauti ilikuwa tamu. Kosa langu lote lilikuwa hapo. Nilikijaribu kifaa katika kimya, nikaenda kukitumia kwenye harusi ya wanawake wa Unguja.

Siku yenyewe ikafika. Ua ulijaa baada ya sala ya Alasiri. Spika ilitundikwa juu ya mlango, imeelekezwa nje, ili na wanaume barazani wapate sehemu yao. Sisi tulivaa sare ya rangi ya samawati. Mbele kabisa, ameegemea mto, alikuwa amekaa Bi Shemsa, mwenyekiti wa Waridi, mwanamke mwenye shingo ndefu na macho yanayohesabu.

Mize akaanza, na wallahi nawaambieni, ua ulinyamaza kwa mshangao. Mwanamke anapiga gita! Bibi mmoja mkongwe alivua miwani akaifuta, akavaa tena. Katikati ya wimbo wa pili ule mkanda wa mpira uliokibana kile kifaa ukaanza kulegea, sauti ikawa inakuja na kupotea. Sikungoja kuitwa. Nikajisogeza nikakaa sakafuni ubavuni mwa Mize, nikakikandamiza kile kifaa kwa kidole gumba, na ili nisimzuie mkono nikainamisha kichwa mpaka mdomo wangu ukawa shibiri moja tu kutoka kwenye ubao. Sauti ikarudi, kubwa kuliko mwanzo. Nikajiona shujaa.

Bi Zuwena akaingia kwenye wimbo wetu mpya, wimbo wa fumbo:

*Shingo waipindapinda, watu wote wakuone,*
*Cha mwenzio wakipenda, kukirudisha ugune.*

Mnajua desturi. Fumbo huimbwa, na anayepigwa hujijua, na nusu ya ukumbi hujua, lakini jina halitajwi. Ukitaja jina, umeshatoka kwenye wimbo umeingia kwenye ugomvi. Wanawake wakaanza kuinuka kutuza, wanacheza polepole na sarafu zao, kila mmoja akimpitia Bi Shemsa kwa jicho la pembeni, naye Bi Shemsa akitabasamu kama hajui kitu. Mambo mazuri kabisa.

Akaja jirani yangu Bi Nunu kututuza. Akaweka sarafu yake kwenye mapaja ya Mize, wakati ule Mize amenyamazisha nyuzi kupisha dumbaki, na dumbaki nayo imepumzika kupisha vigelegele, na vigelegele vimekwisha. Akaninong'oneza, "Shoga, nani kapigwa hapa? Mie sipo mjini tangu Julai."

Mtu mwenye busara angekonyeza jicho. Mimi nilikuwa katibu. Nikajibu kwa mnong'ono, kwa utaratibu, kama ninayesoma kumbukumbu za mkutano:

"Si Bi Shemsa huyo! Tarehe 3 Agosti, Jumamosi, harusi ya Mkunazini, kavaa mkufu wa kuazima kwa mke wa sonara, akawaambia watu kaletewa kutoka Maskati, na mwenye mkufu kaja kumvua mbele ya masufuria ya biriani."

Neno "biriani" nililisikia mara mbili. Mara moja mdomoni mwangu, na mara ya pili juu ya mlango, kwa sauti nzito ya kiume kama ya msoma habari wa redio. Huko barazani mtu alipaliwa na kahawa.

Ua mzima ulikuwa kimya. Nami, badala ya kukiachia kile kifaa, nikazidi kukikandamiza kwa hofu.

"Mize, mbona wamenyamaza?" nikanong'ona. *Mbona wamenyamaza,* spika ikauliza.

"Bi Raya, toa mdomo wako kwenye gita!" *Toa mdomo wako kwenye gita.*

"Hebu zima!" *Hebu zima.*

"Nizime nini, na swichi umeikalia wewe?" *Umeikalia wewe,* ikasema spika, na barazani wanaume wakapiga makofi.

Nikainuka kwa haraka. Waya ulikuwa umejisokota kwenye kanga yangu, kwa hiyo niliinuka mimi na gita likainuka nami, Mize akilivuta kwa shingo, mimi nikivutwa kwa kiuno, na ile atlasi yangu ya fahari ikapasuka katikati. Nilimwona Bi Zuwena amejifunika uso kwa utaji. Nilimwona Mize amelikumbatia gita, macho yamejaa machozi, na nikajua anachokiona yeye ni Jumatatu, na gita mkononi mwa mnunuzi. Hilo ndilo lililoniuma. Aibu yangu ilikuwa yangu, lakini ule mwaka mzima wa vidole ulikuwa wake.

Bi Shemsa akasimama. Akaja taratibu, watu wakimpisha. Hakunitazama hata kidogo. Akamwinamia Mize, akakishika kile kifaa kwa vidole viwili, akakirudisha juu ya ubao na kusogeza mdomo wake.

"Bi Raya, katibu," spika ikasema, "tarehe umekosea. Tarehe 3 Agosti nilikuwa Makunduchi kwa mama yangu mgonjwa. Mkufu niliuvaa tarehe 10."

Kicheko kilichopasuka hapo sijapata kukisikia tena. Nami nawaambieni ukweli, katika fedheha yote ya siku ile, hiyo ya tarehe ndiyo iliyonichoma zaidi, maana alikuwa sahihi. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikapiga magoti pale pale, nikausogeza mdomo wangu kwenye gita na kusema, "Bi Shemsa, niwie radhi. Kwa jina nililolitaja, na kwa tarehe."

"Kwa jina nshakusamehe," akajibu, kwa gita vilevile. "Kwa tarehe, nitafikiri." Kisha akamgeukia Mize. "Mwanangu, unaijua sauti ya wimbo wenu huu? Basi nipigie."

Mize akafuta macho, akapiga. Na Bi Shemsa wa Waridi, mpinzani wetu, akaimba akiwa ameliinamia gita la Yungiyungi, sauti yake na nyuzi zikitoka pamoja juu ya mlango mpaka njia kuu:

*Mie nishakirudisha, mbele ya watu mchana,*
*Tarehe wababaisha, nawe u msomi sana!*

Hapo ua ulipinduka. Waridi waliinuka wote kutuza, na Yungiyungi wakainuka kuwajibu, Bi Zuwena akajifunua uso na kuja kuinama upande wa pili, wakawa wawili wanajibizana ubeti kwa ubeti, na Mize katikati akipiga kama aliyezaliwa na gita lile mkononi. Wanaume walituma sarafu ndani kwa sinia ya kahawa. Mapaja ya Mize yalijaa mpaka tukatandika kanga.

Jumatatu, tarehe 16 Septemba, gita halikuuzwa. Bi Zuwena alisema mbele ya wanachama wote, "Mize hatoki kwenye kiti kile ila akitaka mwenyewe," nami nikayaandika maneno hayo na tarehe yake, baada ya kuihakikisha kwa watu wawili. Nikakabidhiwa fedha ya tuzo nikanunue ile maiki mpya ya sumaku.

Tangu siku ile nimeapa mambo mawili, na yote nimeyatimiza: sitaji jina la mtu kwenye wimbo wa fumbo hata nikiulizwa na ndugu wa tumbo moja, na sinunui chombo chochote nilichokijaribu katika kimya. Ndiyo maana Fundi Hamadi alipokwisha kuifunga maiki mpya na kuiunganisha na spika, nilimwomba atoke nje kidogo. Nikalikumbatia gita, nikaliinamia mpaka mdomo ukaligusa, na nikataja majina matano ya wanawake wa mji huu, kila mmoja na habari yake kamili.

Spika haikusema neno. Nikaupiga uzi mmoja, duka likajaa sauti.

"Fundi," nikaita, "ingia. Hii nnaichukua."